Usukani wa Kinyozi

Gari lenyewe lilikuwa dogo, yale yanayovuta kwa magurudumu yote manne, fupi kama limekatwa nyuma kwa msumeno. Ukiliona kwa mbali ungesema ni la kuchezea watoto. Lakini kupanda lilipanda. Pale magari ya watu wenye heshima zao yanapogeuza na kurudi, lenyewe lilipita tu, wala halina habari.

Mwenye gari alikuwa mzee mmoja ambaye mtaa mzima ulimwita Kinyozi, ingawa alikuwa hanyoi tena. Alinyoa watu tangu ujana wake mpaka mvi zikamjaa, na siku aliyoacha hakuna aliyemwambia aache. Alikuwa amemshika mteja kichwa, wembe uko njiani kwenda nyuma ya sikio, akaona mkono unacheza. Akauangalia. Mkono nao ukaendelea kucheza. Basi akaufuta wembe, akaukunja, akamwambia mteja, "Ndugu yangu, upande huu umekwisha. Ule mwingine nenda kwa jirani." Mteja akavuka barabara na kichwa chake nusu kwa nusu, Kinyozi akafunga duka. Hakumkata mtu hata mmoja, na hilo alilisema kila alipopata nafasi, na hata alipokosa.

Daktari alimpima, akasema huo ni mtetemo wa uzee tu, macho yako sawa, miguu iko sawa, gari endesha ukipenda. Kinyozi akapenda. Gari ndilo lililobaki. Kila wiki alilipandisha peke yake mpaka kwa kaka yake, ambaye alikaa juu huko kwenye mawe, hatoki kitandani, na njia ya kwenda kwake hakuna basi wala teksi inayoitaka. Wakifika hapo, yeye na gari, kaka mtu anafurahi lakini haonyeshi. Wanakaa, wanabishana kuhusu mambo ambayo mashahidi wake wote wameshakufa, halafu Kinyozi anarudi nyumbani roho yake kwatu.

Sasa usukani ukaanza kutetemeka.

Si muda wote. Sindano ya mwendo ikikaribia sitini, akigonga ule mshono wa chuma pale daraja linapoanzia, usukani ulimruka mikononi, kushoto kulia, kushoto kulia, kama mbuzi anayekataa kamba. Vioo vinalia, viti vinalia, meno yanalia. Akipunguza mwendo, kimya. Kama hakuna kilichotokea.

Kosa lake lilikuwa moja tu, kwamba alisema. Tena alisema mezani, watu wanakula, na kijiko kiko mkononi mwake katikati ya safari, kinamwaga supu huku na huku.

"Usukani unatetemeka," akasema.

Wote wakaangalia kijiko. Alikuwepo mkewe, alikuwepo binti yake mkubwa, na alikuwepo mume wa binti huyo, yaani mkwe, ambaye alifanya kazi ya bima na kwa hiyo aliona ajali hata mahali pasipokuwa na gari.

"Baba," binti akasema polepole, "una hakika ni usukani?"

"Ni usukani."

"Isije ikawa ni..."

"Ni nini?"

"Hapana, baba. Kula."

"Anataka kusema ni mikono yako, mume wangu," mkewe akasema.

"Nimemsikia."

"Ah. Nilidhani hukumsikia."

Mkwe akakohoa kwa adabu. Akasema Jumapili ataliendesha yeye mwenyewe, baba asiwe na wasiwasi, waone.

Jumapili wakapanda wote. Mkwe mbele na mama mkwe wake, Kinyozi na binti nyuma, magoti ya Kinyozi yamefika kidevuni kwa sababu nyuma ya gari lile hapakutengenezwa kwa watu wenye miguu. Wakalifikia daraja. Tuk, mshono ukapita chini. Usukani ukatulia kama umepigiliwa misumari.

"Ongeza," Kinyozi akasema.

"Sitini hii, baba."

"Rudia."

Wakarudia. Wakarudia tena. Ng'o. Mkwe, ambaye hakuwa mtu mbaya, alijaribu hata kuugonga mshono kwa makusudi, akitamani litetemeke kidogo tu ili mzee wa watu apumue. Gari likakataa kutetemeka. Lilikwenda vizuri siku ile kuliko siku zote tangu linunuliwe.

Walipofika nyumbani, binti akasema kile alichokuwa amekishika tangu darajani. "Baba, tulikuwa tunafikiri ufunguo ukae kwetu."

"Na gari?"

"Gari libaki hapa hapa kwako."

"Bila ufunguo."

"Ndiyo."

"Kama kabati."

"Kama kabati, baba," binti akasema, na macho yake yakawa mekundu, lakini hakurudi nyuma. Alikuwa mtoto wa baba yake.

Kinyozi akamfikiria kaka yake kule juu. Akasema, "Fundi kwanza. Fundi akiona gari halina kosa, ufunguo nitakukabidhi mwenyewe. Hutanidai." Wakakubaliana hivyo.

Jioni ile kaka mtu akapiga simu. "Huji wiki hii?"

"Nachunguzwa."

"Hospitali?"

"Gereji."

"Afadhali. Gereji huwa wanakupa jibu."

Fundi waliyemwendea aliitwa Kimbaombao, kwa sababu alikuwa mwembamba kiasi kwamba chini ya magari mengine aliingia bila kutumia jeki. Alisikiliza habari yote ya daraja, akaguna. Akayapiga magurudumu balansi yazunguke sawa. Akahamisha ya nyuma kuja mbele. Akabadilisha ile shokapu ndogo inayotuliza usukani. Kinyozi akaenda darajani peke yake kujaribu, akarudi.

"Vipi, mzee?"

"Meno yangu yako pungufu moja."

"Limetetemeka?"

"Kama kawaida."

Basi Jumamosi wakaja wote gerejini, kumaliza maneno. Kimbaombao akalipandisha gari kwenye jeki, magurudumu ya mbele yakaning'inia hewani. Mkwe akaambiwa awashe injini na kuzungusha usukani. Akauzungusha mpaka mwisho kulia, mpaka mwisho kushoto, kwa nguvu zake zote, kama mtu anayekamua shuka. Kimbaombao chini anashika kila kiungo, anasikiliza kwa vidole. Akalitikisa gurudumu juu na chini, akalitikisa kwa ubavu. Beringi nzima. Viungo vya usukani vimekaza. Akatoka, akafuta mikono, hakutaka kumwangalia mtu.

"Mzee, chini huku kila kitu kimeshika."

Binti alifungua tu mkoba wake, akauacha wazi ukingoja ufunguo.

"Ngoja aliteremshe kwanza," Kinyozi akasema.

Gari likateremshwa, magurudumu yakakaa chini. Injini bado inaunguruma maana mkwe alisahau kuizima. Kinyozi akaingia aizime na kuchomoa ufunguo. Lakini hakuchomoa mara moja. Alikaa. Aliweka mikono yote miwili juu ya usukani, kama unavyomwekea mtu mkono begani kabla hajaondoka, akaangalia mbele, ukutani, palipotundikwa matairi.

Kimbaombao alikuwa amesahau spana chini ya gari. Akajisukuma chini kuifuata. Halafu sauti ikatoka chini.

"Nani anatikisa usukani?"

"Hakuna," Kinyozi akajibu.

"Mzee, mbona naona unatikiswa?"

"Nimekaa tu."

"Mikono yako iko wapi?"

"Kwenye usukani."

"Inafanya nini?"

Kinyozi akaiangalia. "Inafanya inachofanya siku zote."

"Basi usiitoe, mzee. Endelea kukaa hivyo hivyo."

Kinyozi akaendelea kukaa. Hakuwahi kusifiwa kwa kukaa, lakini alijitahidi. Baada ya muda Kimbaombao akatoa kichwa, amechafuka mpaka nyusi, anacheka. Akaeleza kwamba iko fimbo moja ya chuma, imelala kwa mshazari pale mbele, kazi yake kuizuia ekseli isiende kushoto wala kulia. Mwisho wa fimbo ile kuna bolti, bolti imevaa mpira, ndiyo bushi. Bushi ilikuwa imelika, bolti inacheza kwenye tundu lake. Gari likiwa kwenye jeki uzito umeondoka, hakichezi kitu. Ukiuzungusha usukani wote kwa nguvu, chuma kinabanwa upande mmoja, kinanyamaza. Kinachokifichua ni mtikisiko mdogo wa haraka haraka, gari likiwa limesimama kwa miguu yake.

"Na Jumapili mbona lilitulia?" mkwe akauliza.

"Mlikuwa wangapi?"

"Wanne."

"Mmelikalia, bwana. Mlilikandamiza likabanwa. Mzee akiwa peke yake ni jepesi, chuma kinacheza kinavyotaka."

Mkwe akataka kujaribu mwenyewe. Akaingia, akautikisa usukani.

"Toka, bwana, unakamua!" Kimbaombao akapiga kelele chini. "Mrudisheni mzee!"

Mzee akarudishwa. Binti akatandika boksi la karatasi sakafuni, akalala chali na nguo yake ya kutokea, akajisukuma kichwa chini ya gari. Kimbaombao akammulikia tochi. Binti akakiona kichwa cha bolti, kinakwenda huku na kurudi, kidogo kidogo, haraka haraka. Mwendo ule aliujua. Aliuona kwenye kijiko, aliuona kwenye kikombe, aliuona babake akifunga vifungo vya shati. Alikaa chini kule muda mrefu kuliko ilivyohitajika.

"Umeona?" Kinyozi akauliza kutoka juu.

"Nimeona."

"Ni nini?"

"Ni bushi, baba."

Alipotoka alijipangusa mgongo, hakufanikiwa. Lakini mkoba hakuufunga. "Bushi ni bushi," akasema. "Na mikono ni mikono. Nataka nikuone ukiwa peke yako, kwa mwendo ule ule."

"Utanionaje nikiwa peke yangu?"

Wakaifunga simu ya binti katikati ya viti, inarekodi. Kimbaombao alikuwa ameshaweka bushi mpya na bolti mpya. Wao wakasimama darajani, pembeni, mkwe amewapanga mbali na barabara kwa sababu ya kazi yake. Gari likaja, likapita, tuk, likaenda zake, likageuza mbele kule, likarudi.

Wakainama wote juu ya simu. Kwenye picha usukani umetulia tuli, barabara imenyooka, mshono unapita, hakuna kitu. Na juu ya usukani ule uliotulia, mikono miwili inatetemeka, mwanzo mpaka mwisho.

Mkwe akaangalia mara mbili. "Usukani hautetemeki," akakiri. "Ila sasa mikono..."

"Mikono tunayo nyumbani," mkewe Kinyozi akasema. "Tangu lini imekuwa habari? Wewe angalia gari linakwenda wapi."

Gari kwenye picha lilikuwa linakwenda katikati ya mstari wake, halikupinda. Binti akaliangalia mpaka likafika mwisho.

"Baba, siku ukiona..."

"Wembe ule nani aliniambia niuweke chini?"

"Hakuna."

"Basi na hili utalipata hivyo hivyo. Nitakuja na ufunguo mwenyewe, na sitasubiri supu imwagike."

Binti akaufunga mkoba. Ulikuwa na kishikizo kigumu, ukalia kwa nguvu, Kinyozi akausikia vizuri.

Hakuingia nyumbani. Aliwashusha wenzake mlangoni, akapandisha moja kwa moja mawe yale mpaka kwa kaka yake. Kaka mtu alikuwa amegeukia dirisha, akafanya kama hakulisikia gari.

"Umekuja."

"Nimekuja."

"Ilikuwa nini?"

"Bushi."

"Si mikono?"

"Mikono ndiyo iliyoiona."

Kaka mtu akalifikiria hilo, akajipapasa kidevu, kilichokuwa na ndevu za wiki nyingi.

"Kama ni hivyo, ninyoe."

"Nimeacha kunyoa."

"Hata mimi?"

"Wewe hasa."

"Afadhali," kaka mtu akasema. "Kaa basi, unanizibia mwanga."

Kinyozi akakaa.