Mgongo kwa Mgongo kwa Faridah

Haya niliambiwa na Achola mwenyewe, Jumapili baada ya ibada, tukiosha vikombe jikoni mwa kanisa hapa Fairfield. Mama yake alikuwa na siku sita tangu arudi Siaya. Achola alisugua kikombe kimoja mpaka nikamwambia, mwanangu, hicho kimetakata, kiweke chini unieleze.

“Nyanya,” akasema, “mimi nimechoka na adabu.”

Nikamwambia adabu haijaua mtu. Akasema bado kidogo tu.

Basi. Mama yake alikaa kwake majuma matatu, na chakula cha hapa kikamshinda. Mkate aliuita sifongo. Samaki hana kichwa, kuku hana ladha. Akawa anakunywa chai tu, na vidonge vyake vya sukari anavimeza juu ya hiyo chai, jambo ambalo Achola, muuguzi mzima, hakuweza kulitazama. Leso ya kiunoni iliyokuwa inamzunguka mara mbili ikaanza kumzunguka mara mbili na nusu. “Akirudi hivi,” Achola akaniambia, “shangazi zangu watasema nilimwita Australia nikamlaza njaa.”

Na juu ya hilo kulikuwa na Owuor, mumewe. Kwao mtu na mama mkwe wake hawali pamoja. Kusalimiana wanasalimiana, kuulizana habari za mvua wanaulizana, lakini sahani ikitokea mmoja anaondoka. Nyumbani si tabu, boma lina nyumba kadhaa. Hapa wana fleti ya vyumba viwili tu, sebule na chumba cha kulala. Kwa hiyo mama alikula chumbani juu ya kitanda, Owuor akala amesimama kando ya mashine ya kufua, na Achola akawa kama mhudumu wa hoteli, trei huku, trei kule, halafu avae yunifomu aende kuangalia wazee wa watu usiku kucha.

Sasa kazini mwenzake akamwambia kuna mama wa Malaysia, anaitwa Faridah, ana kibanda nyuma ya maduka kule Kensington. Anauza asubuhi ya Jumamosi tu, wali wa nazi na pilipili, na sufuria ikiisha imeisha. Achola akawaza, wali, nazi, kitu cha moto. Mama atakula. Ilikuwa Jumamosi ya mwisho, Jumatatu mama anapanda ndege.

Asubuhi Owuor akaja kumchukua Achola kazini, mama kiti cha nyuma. Achola akaingia, akaona kioo cha dereva kimeelekezwa juu kabisa.

“Owuor, kioo.”

“Nikishushe nimtazame mama usoni njia nzima?”

“Utazame malori.”

“Malori nayasikia.”

Walipofika, foleni ilikuwa imezunguka ukuta, wanafunzi wa chuo wengi, wengine bado na nguo za kulalia. Achola alikuwa na miguu ya saa kumi za kusimama. Akasimama tena. Zamu yao ilipofika, Owuor akasema kwa sauti ya mtu mwema, “Nifungieni ya kwangu nikale garini.”

Faridah akamwonyesha mwiko. Sahani zake hazitembei. Wali wake ukifungwa unanuna. Anayetaka kula aketi, na benchi lile pale lina nafasi tatu.

Owuor akatazama benchi. Mama akatazama benchi. Hakuna aliyesogea.

“Mwambie mkwe akae ale,” mama akasema, “amefanya kazi wiki nzima. Mimi nitangoja garini.”

“Mwambie mama,” Owuor akasema, “mimi ndiye nitangoja. Wala sina njaa.”

Tumbo lake likanguruma, wote watatu wakalisikia, na kwa heshima hakuna aliyelitaja.

“Mmegombana?” Faridah akauliza.

“Hatujagombana, anti,” Achola akamjibu. “Wanaheshimiana.”

“Basi wakae.”

“Ndiyo sababu hawawezi kukaa.”

Faridah akamtazama kwa huruma. “Dada yangu na mumewe walikuwa wanasema hivyohivyo,” akasema. “Wameachana.”

Foleni nyuma ikaanza kukohoa. Achola akamshika mama yake mabega, akamkalisha. Akamshika Owuor mkono, akamkalisha kwenye benchi la meza ya pili, uso kule. Mgongo kwa mgongo. Yeye akakaa kando ya mama. Nafasi ilikuwa ndogo hata mmoja akikohoa mwingine anatikisika, lakini hawaonani, na kwa mila yao asiyeonekana hayupo.

Sahani zikaja. Wali mweupe unaonukia nazi, nusu yai, tango, karanga, rojo jekundu la pilipili, na juu yake vidagaa vikavu vilivyokaangwa. Mama akakiinua kimoja kwa mkia.

“Achola. Hii ni omena.”

“Ni dagaa wa bahari, Mama.”

“Nimeanika omena miaka arobaini, wewe ndiye unanijulisha omena?” Akakitia mdomoni. Akachota wali. Akachota tena. Achola akamwangalia, machozi yakamkaribia, akainua kijiko chake naye ale.

“Muulize mkwe kama za kwake ni kavu hivi.”

Akashusha kijiko. “Owuor, omena zako ni kavu?”

“Mwambie mama ni kavu sana.”

“Anasema ni kavu sana.”

“Mwambie ndivyo zinavyotakiwa.”

“Mama anasema ndivyo zinavyotakiwa.”

“Mwambie nakubali.”

Mara tatu kijiko kilipanda, mara tatu kikashuka. Mara ya nne Achola akaweka kichwa juu ya meza, akafumba macho. Hakuwa amelala. “Nilijifanya, Nyanya. Nilisema watajijua.”

Vijiko vikaendelea kugonga sahani. Halafu mama akakohoa, Owuor akatikisika.

“Mkwe.”

“Naam, Mama.”

“Mtoto amelala.”

“Amechoka, Mama.”

“Mimi sahani yangu imeisha.”

Owuor akageuza shingo upande ule salama, kwenye kibanda. Faridah alikuwa ameshaifunika sufuria na anafuta kaunta. “Wamemaliza, Mama. Na ya kwangu nimeshaigusa.”

“Ya kwako hata usiseme.” Kijiko chake kikakwangua sahani tupu. “Ya Achola haijaguswa.”

“Ichukue, Mama.”

“Ni chakula cha nyumba yako. Siwezi kujichukulia.”

“Nimesema mimi. Ichukue.”

“Nitachukua omena tu.”

Achola akasikia sahani inaburuzwa kupita karibu na sikio lake. Zikaenda omena. Baadaye mama akauliza, “Na yai?” Owuor akasema aliyelala hali yai. Likaenda yai. Ukafuata wali. Achola tumbo lilikuwa linamkata, harufu ya nazi iko puani, na hakuthubutu kufumbua jicho, maana alimjua mama yake: angeona haya, angeweka kijiko chini, na vidonge vingerudi kumezwa na chai. Akalala pale kama gogo, akihesabu vijiko vya mama yake. Alipofika kumi na tisa akasikia chupa ya vidonge inafunguliwa.

Ndipo Owuor akamgusa bega. Akaamka, akapikicha macho vizuri kabisa.

“Umepumzika?” mama akamuuliza.

“Nimepumzika, Mama.”

“Tumekubakishia tango.”

Akala tango. Vipande vitatu.

Garini mama alisinzia kabla hawajatoka Kensington, mdomo wazi, mikono juu ya tumbo. Owuor akamsikiliza anavyokoroma, ndipo akakishusha kioo akatazama malori. Nyumbani mama akapelekwa kitandani, akaendelea hapohapo alipoachia. Owuor akajinyoosha kwenye kochi, akasema, “Unaona? Nilikwambia hakuna shida,” na kabla Achola hajavua viatu, alikuwa amelala.

Achola akaenda jikoni. Kwenye sufuria hamkuwa na kitu. Akatoa ule mkate wa sifongo, vipande viwili, akapaka siagi, akala amesimama kando ya mashine ya kufua. Akavuta pazia, maana jua lilikuwa kali, akaweka simu imwamshe saa kumi, akajilaza pembeni ya mama yake kwa sababu kochi lilikuwa na mtu. Leso ya mama ilikuwa imefunguliwa fundo. Akaigusa, akaona haifiki tena mara mbili na nusu, akalala.