Mikono Isicheze

Kila asubuhi, kabla ya kuvaa ovaroli, Kimya aliweka viganja viwili juu ya buti la gari la kaka yake na kulikandamiza. Lilizama, likapanda, likatulia. Ndipo siku ilipoanza.

Leo halikuzama hata unywele. Aliliegemea kwa uzito wake wote. Kama anasukuma ukuta.

Akaingia uvunguni. Ile mikono minne ya chuma inayoshika ekseli ya nyuma, aliyoipima wiki mbili ili magurudumu yapande na kushuka kwenye mashimo, ilikuwa imechomelewa kwenye chasisi, fremu ya gari, isiweze kusogea. Mshono safi, mzuri, wa kutisha.

"Cheche!" Sauti yake ilimshtua mwenyewe.

Cheche, mchomeleaji wa gereji, alikuja akichekelea. "Umeonaje kazi, fundi? Hiyo hata tembo hang'oi."

"Nani kakwambia uchomelee?"

"Si wewe? Uliandika kwa chaki: mikono isicheze. Nilishinda nayo jana kutwa. Haichezi!"

"Nilimaanisha bolti zisilegee! Mikono yenyewe lazima inyanyuke!"

"Ah, dada. Kucheza si kucheza?"

Kaka mtu akaingia, kamshika mkono binti yake mwenye begi la shule. Alipoelezwa, akaangua kicheko. "Mwache bwana! Kwenye mbio za Jumamosi ndivyo ninavyotaka. Injini ya farasi mia saba, nyuma ngumu, naondoka kama risasi. Nilikuomba springi za mapande, zile ngumu za malori, tangu mwanzo, ukang'ang'ania mikono na springi laini za koili. Sababu hujanipa mpaka leo."

Kweli hakumpa. Alimchorea michoro, akampigia hesabu za pembe, akamsimulia habari za mshiko wa tairi. Sababu yenyewe aliizungukia tu.

"Ngoja nimpeleke mtoto shule, nilionje gari njiani." Akamfungulia binti mlango wa nyuma.

Kimya hakujua alivyofika mlangoni. Alijikuta ameushika ufunguo wa gari, mkono wa kaka yake bado umo ndani ya wake.

"Shimo moja tu, kaka. Tairi moja iachie lami, na nguvu zote hizo…"

"Wewe nawe! Niachie ufunguo!"

"Shangazi?" mtoto akaita.

"Sikuchagua mikono kwa ajili ya mbio," Kimya alisema, machozi yakimtoka waziwazi mbele ya Cheche. "Nilichagua kwa ajili ya huyu anayekaa nyuma. Na wewe. Kila ukiliwasha hili gari, kaka, naogopa nitawazika."