Udongo Juu ya Udongo

Tembe la biashara la Mzee Nassibu, nyumba ya udongo tangu kuta hadi paa, pale Ng'ambo ya Tabora, lilikuwa limezeeka kumshinda mwenyewe. Marehemu babake ndiye aliyelijenga enzi za misafara, na humo pembe za ndovu zililala zikingoja wapagazi. Reli ilipofika Tabora misafara ikafa, ikafa nayo desturi moja. Kabla ya mvua, wapagazi walipanda juu ya paa lile bapa, wakakwangua udongo wa mwaka jana na kuutupa, ndipo wakashindilia mpya kwa nyimbo. Ujira wao ulikuwa malazi.

Sasa Nassibu alipanda peke yake. Kushindilia aliweza, kukwangua moyo ulikataa. Mkewe, Mwanne, humkumbusha kila mwaka, naye humjibu kwamba udongo ule umekanyagwa na watu wa babake, autupe wapi? Wahenga walisema usipoziba ufa utajenga ukuta. Basi mzee wetu akaziba, akaziba, udongo juu ya udongo, maana mapenzi nayo hayajui kutosha.

Mwaka ule Bwana Shauri, mkuu wa wilaya, Mwingereza mgeni, akatangaza kwamba tembe litakalovuja litabomolewa, pajengwe maduka ya bati. Nassibu akaongeza udongo.

Mvua ikanyesha kutwa kucha. Bwana Shauri akaja na karani wake, Eustace, wakapapasa kuta, wakatazama juu. Hata tone moja halikudondoka. Eustace akatafsiri kwamba nyumba imesalimika, na Nassibu akalia kwa furaha mbele za watu.

Wageni hawajafika mbali, boriti ya kati ikalia. Nassibu akaelewa papo hapo, na kuelewa hakukumfaa kitu. Udongo aliouongeza miaka yote ulikuwa umekunywa mvua yote ile, ukawa mzito kuishinda boriti. Akipanda kuukwangua, uzito wake mwenyewe ungemaliza kazi. Akainua mikono, akaishika boriti, maskini, kana kwamba mikono ya mzee ni nguzo.

"Toka, Baba Abbasi," Mwanne akasema. "Liache."

"Babangu ataniuliza, mke wangu."

"Akikuuliza, mwambie halikuvuja."

Akamvuta kwa kanzu mpaka nje. Paa likashuka lote kwa mara moja, kuta zikalifuata. Hakuna aliyeumia, na majirani walimshukuru Mungu kwa hilo. Nassibu hakuwasikia.

Vumbi lilipotulia akainama, akachimbua kwa vidole, akatoa bonge la udongo wa chini kabisa, ule wa watu wa babake. Akalivunja kiganjani.

Lilikuwa kavu.