Mama Kahamia Mang'ula

Wifi yangu Brigitha ana wivu, na hilo simsingizii. Mwenyewe anajua, majirani wanajua, na mdogo wangu Octavian aliyemwoa anajua kuliko sisi wote. Muuza nyanya akimwita Octavian "mchumba" kwa kumtania tu, nyumba nzima itakula mboga bila nyanya mpaka hasira ziishe. Nampenda wifi yangu, lakini nasema kilichopo.

Octavian ni karani wa kompyuta kwenye mradi mmoja wa vyandarua hapa Ifakara. Kila Ijumaa sharti anakili kazi ya wiki kwenye disketi, vile vibamba vyeusi vinavyoenea mfukoni mwa shati, kisha gari la mradi linazipeleka nakala kwenye kituo kidogo cha Mang'ula. Wakubwa wao wanasema ofisi ya huku ikiungua, au maji yakirudi kama yalivyotufanya mwaka wa tisini na nane, kazi isipotee yote. Utaratibu wenyewe hauna ubaya. Ubaya ni kwamba anayezipokea huko Mang'ula ni Stefania.

Stefania ndiye ambaye Octavian alitaka kumwoa kabla ya Brigitha. Barua ya posa ilikwenda, wajomba wa binti wakairudisha kwa sababu zao, kila mtu akashika njia yake. Mpaka leo hajaolewa, na bado ana yale meno yake mazuri. Kwa hiyo kila Ijumaa Octavian akisema anawahi kutuma disketi, wifi alikuwa anaosha vyombo kwa kelele.

Basi mwaka mmoja, wakati wa mavuno, watu wa mradi walikwenda Mofu, kijijini kwao Brigitha, kuuliza habari za vyandarua nyumba kwa nyumba. Alikuwepo daktari mmoja mgeni mwenye kamera ya ajabu isiyotumia mkanda. Ilikuwa inameza disketi ubavuni, na picha ikipigwa inaingia humo humo, hakuna kusafisha. Akampiga picha mama mzazi wa Brigitha, Mama Yosefina, nje ya nyumba yake. Hilo lilikuwa jambo kubwa, maana yule mama alikuwa hapigiki. Kwenye harusi ya binti yake mwenyewe kila kamera ilipoinuliwa yeye aliinama, mara kaokota kijiko, mara kafunga kiatu cha mtoto wa watu. Picha zote za harusi zina kilemba chake tu, tena kwa nyuma.

Miezi michache baadaye Mama Yosefina akafariki. Octavian, katika kumbembeleza mkewe, akamwambia, "Usilie hivyo. Sura ya mama ipo. Nimeiweka kwenye disketi ofisini, na nakala iko salama Mang'ula. Daktari akirudi likizo tutaichapisha."

Alisema kwa wema, ila alisema mbele ya Gosbert. Na Gosbert ni mtani wa ukoo wao.

Nani asiyejua watani msibani? Tulipokuwa Mofu kwenye matanga, Gosbert alijifunga kitenge cha marehemu, akashika jembe la marehemu, akapita katikati ya wafiwa akiiga mwendo wake. "Mnalia nini?" akauliza kwa sauti nyembamba. "Mimi sijafa. Nimehamia Mang'ula, kwa Stefania. Kule napikiwa vizuri, na mkwe wangu ananitembelea kila Ijumaa!" Watu walicheka mpaka wakashika mbavu. Mimi mwenyewe nilicheka, Mungu anisamehe. Brigitha hakucheka, na hakuwa na ruhusa ya kukasirika, maana mtani hakasirikiwi. Akalimeza hivyo hivyo, likamkwama.

Siku tuliyorudi Ifakara alinifuata jikoni kwangu.

"Wifi, nisindikize Mang'ula."

"Kufanya nini?"

"Kumchukua mama yangu."

"Brigitha, kile ni kidisketi tu."

"Wewe ungekubali mama yako alale kwa mwanamke aliyemtaka mume wako?"

Nikachukua kanga yangu. Sikwenda kwa kupenda. Nilikwenda ili kama watashikana nywele awepo mtu wa kuwaachanisha.

Kituo cha Mang'ula ni chumba kimoja chenye baraza, milima ya Udzungwa iko nyuma yake hapo hapo. Stefania alitoka akapiga goti kidogo. "Shikamoo dada Digna." Nikaitikia marahaba. Akamgeukia Brigitha, "Pole sana kwa msiba, dada." Sura ilikuwa ya mtu aliyelia kweli, na hiyo ndiyo iliyomuudhi wifi zaidi. Atamlilia mama wa watu kama nani?

"Nimefuata picha ya mama yangu," Brigitha akasema. "Ile ya kwako hapa."

"Karibuni ndani, niwafungulie muione."

"Sikuja kuangalia. Nimekuja kuchukua."

Stefania alimtazama, kisha akasema sawa, ila aiingize kwanza kwenye kompyuta ahakikishe kama inasoma. Akaingia. Wifi akakataa kuvuka kizingiti cha mlango ule, tukabaki barazani tunasikia mashine ikikoroma. "Unamwona?" akaninong'oneza. "Anachelewesha makusudi. Anataka nimwombe." Mwisho Stefania akatoka na disketi ndani ya bahasha, akaikabidhi kwa mikono miwili. Hakusema neno baya hata moja. Njia nzima ya kurudi Brigitha aliishika bahasha ile kifuani, na mimi nikashukuru kwamba nywele za watu zimesalimika.

Octavian alipouliza disketi iko wapi, mkewe alimjibu, "Mahali salama. Mahali pa mama." Mwanaume yule, kwa kuogopa kuanzisha vita upya, akaridhika. Tena akaona mambo yamekuwa mepesi. Disketi ofisini zilikuwa za kugombania, na ile ya kwanza yenye picha akaifuta, akaijaza majibu ya vyandarua vya kijiji cha Michenga. Si nakala ipo nyumbani? Namlaumu. Karani mzima, anayewafundisha wenzake wasibaki na nakala moja, yeye kabaki na nakala moja, tena asiyojua imewekwa wapi.

Misa ya kumbukumbu ilipokaribia, Brigitha alitaka picha ya mama yake iwekwe mbele ya altare, kwenye fremu, kama walivyo marehemu wa wenzake. Evaristo, dereva wa mradi, alikuwa anakwenda Dar es Salaam, na huko kuna studio zinazochapisha picha kutoka kwenye disketi. Jumapili mchana Octavian akasema, "Haya mke wangu, lete."

Tulikuwa wote pale nyumbani. Brigitha akaingia jikoni kwa madaha, akapanda kwenye kigoda, akanyoosha mkono juu ya mafiga hadi kwenye uchaga, pale mpunga wa mbegu unapokaa ukipigwa moshi usiingiwe na fukusi. Mama yake aliweka mbegu hivyo, na bibi yake pia, na sijasikia familia ile imekosa mbegu hata mwaka mmoja. Akateremsha chungu cheusi kwa masizi, akabandua jani lililoziba mdomo, akachomoa bahasha katikati ya mpunga.

Bahasha ilikuwa imekauka, rangi ya chai. Disketi ilikuwa imejikunja pembe zote kama chapati iliyosahauliwa jikoni.

Octavian akaigeuza, akaigeuza tena. "Brigitha. Umeiweka juu ya moto?"

"Nimeiweka na mbegu. Kuna mahali salama kuliko hapo?"

Octavian aliichukua akakimbia nayo ofisini, akarudi jioni uso umemshuka. Hapo ndipo ilibidi aseme na habari ya ile aliyoifuta. Nilidhani wifi atapasua vyungu. Alikaa chini tu mlangoni mwa jiko, akasema, "Basi nimemzika mara ya pili." Kisha akalia, na kilio kile kilikuwa kibaya kuliko cha Mofu.

Kesho yake asubuhi alikuwa mlangoni kwangu amejifunga kitenge cha safari. Hakuniambia tunakwenda wapi. Nikachukua kanga yangu.

Njiani alisema mara moja tu, "Akinicheka, wifi, nitakufa."

Safari hii alivuka kizingiti. Akasimama katikati ya chumba, akaweka ile disketi iliyojikunja mezani mbele ya Stefania, akaeleza yote, uchaga, chungu na moshi, huku anaangalia sakafu. Stefania hakucheka. Akavuta mtoto wa meza, akatoa disketi nyingine yenye karatasi iliyoandikwa kwa kalamu: Mama Yosefina, Mofu.

"Siku ile nilinakili kwanza ndipo nikakupa," akasema. "Unisamehe. Mimi kazi yangu ndiyo hii, mkono haukubali kutoa cha mwisho."

Brigitha alishika ukingo wa meza. Nilimwona furaha na chuki vinagombania uso mmoja. Mtu umchukie mwaka hadi mwaka, halafu akushikie mama yako asipotee! Mimi ningeomba ardhi inimeze.

Picha ilifunguka polepole, kutoka juu kwenda chini. Kwanza majani ya paa. Kisha kilemba, na safari hii kwa mbele. Kisha paji la uso, kisha macho yaliyofinywa na kicheko, kisha mdomo wazi na pengo lake la upande. Mama Yosefina alikuwa anacheka kabisa kabisa, bila kujificha. Brigitha akatoa sauti ndogo. Kumbe picha haijaisha. Kando ya kilemba kilitokea kichwa kingine, na chini yake meno mazuri tunayoyajua. Mkono wa mama ulikuwa umemzunguka Stefania mabegani.

Kumbe ndiyo maana Octavian hakuwahi kumwambia picha ikoje.

Mimi nikajisogeza katikati yao, maana nilijua kilichopo moyoni mwa wifi. Kwenye harusi yake mama aliokota vijiko. Kwa huyu kacheka.

"Naweza kujiondoa," Stefania akasema haraka. "Kompyuta inakata vizuri." Akachora mstari kwenye kioo, upande wake ukawa na kivuli. Lakini mstari uliposhuka ulipita juu ya bega la mama, na mkono wote ukabaki upande wa pili.

"Acha," akasema Brigitha. "Utamkata mkono."

Stefania akaufuta mstari. Wifi akasogeza uso hadi kioo kikaingia ukungu wa pumzi yake.

"Alikuwa anacheka nini?"

Stefania akasita, akanitazama mimi kama anaomba ruhusa. "Siku ile ya vyandarua nami nilikwenda Mofu, nikamwambia ninafanya kazi na mkwe wake. Akaniambia niwe mwangalifu, maana binti yake ana wivu. Ati ulipokuwa mdogo alikuwa anampenda kuku mmoja mweupe, anamwita kwa jina. Ukamwagia yule kuku maji ya vyombo, ukamwambia, huyu ni mama yangu, tafuta wako. Alikuwa hajamaliza hata kusimulia, daktari akapiga."

Nilicheka. Nilishindwa kujizuia. Nikamtazama wifi, nikaona machozi yanamtoka na mdomo umeachama, na pengo analo, lile lile la upande ule ule, sikuwahi kuliona kabla.

"Alikuwa anaitwa Sista," akasema. "Yule kuku. Nilimchukia sana."

Stefania akanakili disketi nyingine ya kumpa Evaristo, na nyingine tena ya kwenda nyumbani, akamweleza isikae kwenye moto, wala juani, wala karibu na spika ya redio. Brigitha akasikiliza yote kama mwanafunzi. Tulipofika mlangoni akageuka, akaangalia ile ya tatu iliyobaki mezani. Nikajua sasa ataidai.

"Hiyo ibaki hapa kwako," akasema. "Alale huku. Ila akicheka, Stefania, ujue anacheka na mimi."