Wanasesere Wasio na Nyuso

Moto uliokula nyumba za bondeni, serikali ilisema ni wa jiko. Jiko gani hilo linalokuja na gari na kushusha wanaume watano? Miaka kumi na tisa nyuma, mtaa wa pili ulipoungua, walisema ni umeme, na mtaa ule haukuwa na hata nguzo moja. Watu wamesahau. Seremala hakusahau.

Moto wa bondeni ulimuua dada yake. Aliyebaki ni mpwa wake wa miaka sita, waliyemwita Chiriku kwa jinsi alivyopenda maneno, na tangu siku hiyo hakutoa hata moja. Ndipo seremala akaacha vitanda na makabati, akaanza kuwachongea watoto wa kituo cha waliounguliwa vitu vya kuchezea: nyumba zenye mapaa ya kubandua, wanasesere wa kukaa kiganjani. Alipiga msasa hadi kona zikawa laini kama sabuni iliyotumika. Nyuso hakuchonga.

"Mtoto ataamua mwenyewe nani amenuna," alimwambia mwalimu wa kituo.

"Uso wako nao ungeuacha hivyohivyo tukapumzika," mwalimu akamtania.

Asubuhi hiyo walikuwa bado wanacheka alipoingia Mkaguzi wa kamati ya kuchunguza moto ule, daftari kwapani. Kamati ileile. Muuza mkaa na mlinzi wa ghala walikwenda kuieleza walichokiona, na hadi leo hawajarudi kwao.

"Endeleeni, endeleeni. Mimi napenda watoto," Mkaguzi alisema.

Chiriku, aliyekaa sakafuni, akapanga nyumba za mbao. Akaleta gari la mbao. Akashusha wanasesere watano, akamshika mmoja, akaokota penseli ya mjomba wake na kuanza kumchora uso. Nyusi. Mdomo. Mkaguzi akasogeza kiti.

Miezi saba seremala alikuwa akiomba mtoto afunguke. Sasa akaomba anyamaze. Akamchukua yule mwanasesere taratibu, akamsugua msasa.

"Mbona unafuta, Fundi?"

"Penseli inachafua mbao, bosi."

"Acha ichafue."

Seremala akazidi kusugua. Chiriku akamtazama, kisha akamshika mkono.

"Mjomba, usimfute," alisema, sauti imekauka kama ya mtu mzima. "Huyu ndiye aliyetufungia mlango kwa nje. Namjua."

Mkaguzi akafungua ukurasa mpya.

"Kumbe anaongea," alisema. "Unaitwa nani, mwanangu?"