Safari ya Vyakula vya Moto

Jumapili asubuhi Chizuru Okabe alitandaza ramani ya treni juu ya meza ya jikoni, akaweka kikombe cha chai juu ya Toyama ili karatasi isijikunje, akaanza kufuta sushi kwenye orodha ya vyakula vya safari. Alifuta ya Kanazawa, akafuta na tambi baridi za Kyoto. Mumewe, Tomohiro, alikuwa amefariki mwezi uliopita, na marehemu hali chakula chenyewe, hula mvuke wake. Kisichofuka hakimshibishi. Vilibaki supu ya oden ya Kanazawa, tofu ya kuchemshwa ya Kyoto na vitumbua vya pweza vya Osaka.

"Hivyo vya pweza vitakuunguza ulimi," alimtania.

"Ulimi gani, mama Nanako?" alijibu Tomohiro, huku akifunga tai.

Alifunga tai kwa sababu alikuwa anakwenda kazini. Alifia mezani pake, katika kampuni ya pampu za maji, na asubuhi iliyofuata mazishi aliamka, akanyoa ndevu, akaenda. Kampuni haikuona tatizo. Marehemu halali, wala haharakishi kuwahi treni ya mwisho. Mkuu wa idara, Bwana Nagase, alisema mbele ya wote kwamba tangu afariki Okabe amekuwa mfano wa kuigwa.

Safari ile ya miji mitatu waliipanga tangu uchumba, na kila mwaka Tomohiro alisema mwakani. Chizuru si mtu wa ugomvi, lakini mara hii alikaza. Siku ya arobaini na tisa tangu kifo ilikuwa inakaribia. Mtawa angekuja kusoma sala, na Tomohiro angevuka kwenda waendako wafu. Baada ya hapo hakuna mwakani.

"Kaombe likizo leo hii," alimwambia. "Usipoomba, nakuja mwenyewe kwa huyo Nagase wako, naketi ofisini kwake na sufuria yangu ya wali mpaka aseme ndiyo."

Tomohiro aliomba. Bwana Nagase, ambaye Jumapili naye alikuwepo, alivuta hewa katikati ya meno.

"Si kwamba nakukatalia, Bwana Okabe. Ila mwezi wenyewe unauona ulivyo."

Mwishowe akampa Jumamosi na Jumapili iliyofuata, simu isizimwe. Tomohiro alizunguka meza moja moja akiinama, akiwaomba wenzake radhi kwa usumbufu.

Kanazawa kulikuwa na mvua. Waliketi kaunta, Chizuru akaagiza oden na wali, kisha akasimamisha vijiti wima katikati ya bakuli la wali la mumewe. Mbele ya walio hai huo ni utovu wa adabu, maana vijiti husimamishwa kwa ajili ya maiti tu. Mwenye mkahawa alimtazama Tomohiro, akaridhika, akaleta na ubani bila kuombwa. Tomohiro aliinamia supu akavuta mvuke wa figili na wa yai hadi ukaisha. Chizuru akala kilichobaki, kimepoa, hakina ladha hata kidogo, na hakuacha kitu. Katika ndoa yao yote hakuwahi kumwona mumewe akimaliza chakula bila kutazama saa. Alimpenda pale kuliko siku ya harusi.

Kyoto, kesho yake, mvuke wa tofu ulimtoa Tomohiro machozi. Alisema sasa ameelewa watu huchukulia nini likizo.

Osaka, vitumbua vilikuwa vinageuzwa kikaangoni simu ilipoita. Pampu ya mteja mmoja ilikuwa imegoma, na Bwana Nagase alisikitika sana kuwasumbua. Tomohiro aliinama mara kadhaa mbele ya simu.

"Vinakaribia kuiva, baba Nanako," alisema Chizuru. "Vuta kimoja tu."

"Treni inaondoka. Tutakuja tena mwakani."

Alilisema neno hilo kwa mazoea. Kisha Tomohiro akanunua peremende za Osaka pale stesheni, kwa kuwa mtu harudi likizoni mikono mitupu mbele ya wenzake, akapanda treni. Chizuru alikula vitumbua vyote peke yake vikiwa vya moto. Vilimuunguza ulimi. Alikuwa na hasira, na alilia.

Jumatatu ofisini walizisifu zile peremende. Bwana Nagase alichukua mbili.

Siku ya arobaini na tisa mtawa alifika, akawasha ubani, akaketi. Tomohiro akapiga simu: kikao hakijaisha, waanze tu bila yeye. Mtawa alisema hawezi kumvusha mtu asiyekuwepo, na kwamba mjini hapa siku hizi wako wengi wa namna hiyo. Alimaliza chai yake, akaahidi kupita tena Alhamisi.

Chizuru alimsindikiza hadi mlangoni. Aliporudi jikoni alilifunika bakuli la wali, akalizungushia taulo nene, mvuke usije ukaisha kabla mtu wake hajarudi.