Kitambaa cha Njano kwenye Swichi

...na eti achague uso, mtu mzima, mama wa mtoto wa miaka minne, achague uso kama yuko chekechea, nyuso tano zimechorwa kwenye karatasi kuanzia anayecheka hadi anayelia, "zungushia ule unaofanana na moyo wako leo, dada," anasema mshauri aliyeletwa na kampuni, sauti laini kama ya mtu anayembembeleza kuku aingie bandani, kalamu wameshampa, na pembeni kakaa msimamizi wa kiwanda cha kufulia, mikono kaikunja mapajani kama yuko msibani, kaagiza na biskuti, tangu lini humu ndani kukatolewa biskuti, kumbe mpaka mkono wa mtu uungue... "Usijilaumu," anasema msimamizi, "wewe hukukosea, mwenzio ndiye hakuweka alama, si ndivyo? Ukishatia sahihi hapo chini tunalifunga jambo hili, kesho unarudi mashineni," kesho! kama anamrudisha jikoni kwa mamaye, mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi, angeingiza yeye kiganja chake hicho laini kati ya yale magogo mawili ya moto, yanayomeza shuka limekunjamana na kulitema limenyooka, na siku ile yakammeza mwenzake, Mama Pacha, mkono mpaka... hapana, asifike huko, atazame biskuti, biskuti zina matundu, ahesabu matundu. Alama. Alama ni kitambaa cha kichwa, utaratibu huo hakuuandika bosi yeyote, waliuanzisha wanawake wenyewe, anayeingiza mkono kutoa shuka lililonasa anavua kitambaa chake anakitundika kwenye swichi, kikiwepo hakuna wa kugusa, awe nani, na yeye alitazama, haki ya Mungu alitazama, swichi ilikuwa tupu, mvuke umetanda, akaita "tayari?", akasikia kelele za mashine za jirani akadhani ameitikiwa, akabonyeza, kwa kidole hiki hiki kilichoshika kalamu, na tangu siku hiyo hakijabonyeza swichi yoyote, hata ya taa nyumbani, mwanawe ndiye anayepanda kigoda, "Mama, mbona wewe huwashi?" "Kwa sababu wewe ndiye fundi umeme wa nyumba hii," "Basi fundi anataka kubebwa," akambeba, akalia begani mwa mtoto ili asionekane... "Chukua muda wako, dada," muda! wiki tatu anafika kwenye geti la hospitali na uji kwenye chupa, anageuza, uji anaunywa mwenyewe njiani umepoa, na Mama Pacha kamtumia salamu, mwambieni shoga yangu aje, sina neno naye, afadhali angemtukana, matusi angeyabeba, huo wema ndio unaomchoma. Mlango unafunguka, mama mfagiaji huyo na sinia la chai, anampita msimamizi kama anapita kiti, "Kunywa, mwanangu, nimekuzidishia sukari, wanaotaka uso wasubiri," mshauri anacheka kidogo, msimamizi hacheki, na aproni ya mama mfagiaji ni ile ile, imefuliwa ikafuliwa tena lakini pindoni doa limegoma, ndiyo aliyoivua siku ile akamfunika nayo Mama Pacha kichwa walipokuwa wanambeba, watu wote wanatazama mkono, mfagiaji peke yake akaiona aibu ya mwenzake, maana nywele zilikuwa zimefumuliwa upande mmoja, upande mwingine bado misuko, na Mama Pacha tangu asubuhi alikuwa akitania, "leo atakayekiona kichwa changu atanioa," kwa hiyo akakifunga kitambaa chake cha njano mpaka kwenye nyusi, akakaza... lakini walipombeba kichwa kilikuwa kitupu. Kilikuwa kitupu, ndiyo maana kikafunikwa. Mwanamke mwenye kichwa cha namna ile hakivui kitambaa kwa sababu ya joto, anakivua kwa jambo moja tu. Alikitundika. Alikitundika! Na asubuhi ile wageni walikuwa wanakuja kukagua, na kuna sauti ilipita kwenye mvuke, "Ondoeni matambara haya kwenye swichi, hapa ni kiwandani au kwenye kamba ya kuanikia?", na aliyekuja mbio baada ya ukelele alikuja na kitu cha njano kimechungulia mfukoni mwa koti kama ulimi, yeye alikiona, wiki tatu amekuwa akikiona usingizini asijue anaona nini. "Dada? Umeshachagua?" Nyuso tano zinamkodolea macho, chai inafuka, sahihi inasubiriwa pale chini ya maneno kwamba mwenzake hakuweka alama, kalamu bado iko hewani, amemwinulia msimamizi macho na hayashushi, naye ameanza kuikunjua mikono yake, mmoja unaelekea mfukoni mwa koti lile lile kama uliojisahau, na mwenye kalamu swali analo mdomoni tayari, fupi, lina rangi ya njano.